Kwa Nini Njia ya Mlimani Hainyooki Wala Haina Mwenyewe

Zamani zile, kabla mimi na ninyi hatujafikiriwa, njia hazikulazwa chini zikaachwa usiku na mchana kama mnavyoziona leo. Kila nyumba ilikuwa na njia yake, na njia ilikunjwa kama mkeka. Ukitaka kwenda mahali, uliitoa ndani, ukafunga ncha yake kwenye kizingiti cha mlango wako, ukalisukuma lile robota la njia kwa mguu, nalo likaenda likifunguka mbele yako. Ukirudi, ulianza kukunja kule ulikofika, ukakunja, ukakunja, mpaka mlangoni pako, ukafungua kile kifundo, ukaiingiza njia ndani pamoja na mbuzi.

Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyowapa, naye hakukosea. Waliokosea ni watu, kama nitakavyoeleza. Na msidhani mtu aliweza kupita bila njia. Mguu usio na njia haukuwa na adabu wakati ule. Ukithubutu kukanyaga nje, ulitembea asubuhi nzima, ukapenya vichaka, ukavuka vijito, ukatoa jasho, halafu ukainua macho ukajikuta uani kwako, mke wako anakutazama, anakuuliza umesahau nini.

Kwa kuwa kila mtu alipita katika njia yake peke yake, watu hawakukutana njiani. Salamu zilikuwa za nyumbani tu, na hizo zilikuwa salamu kweli. Mgeni akivuka kizingiti chako, ilikupasa uweke chini chochote ulichoshika, hata kama ni chungu cha moto, umpe mikono yote miwili, umuulize habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za ng'ombe, za migomba na za mvua, na yeye akuulize zako, bila kuruka. Kuruka hata moja ilikuwa sawa na kumtukana mtu mama yake. Lakini huko nje hakuna aliyemjua mwenzake. Njia mbili zikikatana porini, wenye njia walisimama wakakodoleana macho kama majogoo, kila mmoja akingoja mwenzake akunje yake kwanza. Wengine walikaa hapo mpaka mvua ikawatenganisha.

Sasa, huku kwetu milimani Upare, juu kabisa, pana mahali ambapo miti imeogopa kupanda kwa ajili ya baridi. Pana majani magumu, matope meusi, na ukungu unaokuja bila kubisha hodi. Wazee walipaita Uwandani. Chini ya Uwanda ni msitu, wenye miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Chini ya msitu ni ndiva, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, na chini ya ndiva ndiyo migomba na kijiji cha chini. Uwandani walikaa watu wenye kondoo na majivuno. Chini walikaa watu wenye ndizi na majivuno.

Uwandani alikuwapo mzee mmoja jina lake Sangiwa. Huyu alikuwa na njia ndefu kuliko zote. Ilitoka mlangoni pake, ikakata Uwanda, ikashuka msituni, ikapita kando ya ndiva mpaka migombani, na yote ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi. Baba yake alimwachia kipande, naye akaongeza vipande maisha yake yote. Aliipenda njia ile kupita kiasi. Kabla ya kuikanyaga alijifuta nyayo. Akiwa juu yake hakupita katikati, alipita ukingoni, mguu mmoja mbele ya mwingine kama kuku anayevuka tope, ili asiichakaze. Jua likitoka aliianika. Baridi ikizidi aliilaza kitandani na kuifunika ngozi ya kondoo. Mkewe, Namsemba, yeye alilala chini.

"Baba Kiondo," Namsemba alimwambia mara nyingi, "mimi mgongo unaniuma."

"Vumilia, mama. Njia ikipata unyevu inapinda."

Jirani yao alikuwa mjane, Nakijwa, mwanamke mchangamfu asiye na mali ila mdomo wake na mbuzi wachache. Njia ya Nakijwa ilikuwa imeliwa na panya. Ilifika katikati ya msitu, penye mti mkubwa wa mkulo, ikaishia hapo. Alikuwa akienda mpaka kwenye ule mti, anaokota kuni, anatazama mbele kidogo, anarudi. Na binti yake wa pekee, Namkunda, alikuwa ameolewa kijiji cha chini. Siku ya harusi wakwe walikuja na njia yao wenyewe, wakamchukua bibi arusi, wakashuka naye huku wakikunja. Tangu hapo mama hakumwona mwana.

Ikawa siku moja pembe ikalia kutoka chini. Namkunda amejifungua mtoto wa kiume.

Nakijwa alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Halafu akakumbuka desturi. Mtoto wa kwanza alipewa jina na bibi mzaa mama, tena kabla kitovu hakijadondoka. Kitovu kikidondoka bibi huyo hajafika, basi upande wa baba ndio unaotoa jina, na maneno yameisha. Na mtoto hufuata tabia za yule aliyepewa jina lake, hilo hata leo mnalijua. Nakijwa alitaka mjukuu wake aitwe Mbonea, jina la marehemu mumewe, mtu mpole aliyekuwa akiwaomba radhi hata kondoo anapowakata manyoya. Mkwe mwenzake, Nambike, alikuwa na jina lake tayari. Alitaka mtoto aitwe Kingoto, jina la kaka yake. Huyo Kingoto alijulikana milima yote kwa jambo moja, kwamba aliweza kula akiwa amelala usingizi.

Nakijwa alisimama ukingoni mwa Uwanda akapiga kelele kuelekea chini, "Mkwe mwenzangu! Nitandazieni njia yenu nije!"

Jibu lilipanda polepole, tamu kama asali. "Oo, mkwe mwenzangu, tunakungoja kwa hamu kubwa! Ila njia yetu tumeifua, haijakauka!"

Njia haifuliwi. Nakijwa alilijua hilo, na Nambike alijua kwamba Nakijwa analijua.

Basi Nakijwa akaenda kwa Sangiwa. Alivuka kizingiti, wakasalimiana salamu yote mpaka mwisho, kisha akapiga magoti.

"Baba Kiondo, nisaidie njia yako. Nikamwite mjukuu jina, nirudi."

Sangiwa alimtazama miguu. Ilikuwa miguu ya mtu wa kazi, yenye nyufa. "Mama Namkunda," akasema, "unajua njia hii imetengenezwa kwa muda gani?"

"Sitaila."

"Utaikanyaga."

"Sasa njia hufanywa nini kingine?"

"Hutunzwa," alisema Sangiwa, akaivuta ngozi ya kondoo akaifunika njia vizuri.

Nakijwa hakuwa na la kufanya ila kupeleka shauri barazani. Na hapa naomba tusifichane. Sisi watu wa milima hii tunapenda kesi. Mtu wetu yuko radhi ngedere wale mahindi yote shambani kuliko akose kusikia kesi ya mwingine. Mimi mwenyewe Bwana amenisaidia mengi, lakini hili bado tunalishughulikia. Kwa hiyo habari ilipoenea kwamba Nakijwa anamshitaki Sangiwa, Uwanda mzima ulikuja, hata mgonjwa mmoja alibebwa.

Baraza lilikaa kwenye mwamba, na mkubwa wake alikuwa Mzee Kajiru, mwenye sauti nzito na masikio mazito zaidi. Walizungumza asubuhi, wakazungumza mchana. Mzee mmoja aliuliza kama njia yenyewe imeulizwa. Mwingine alitaka kujua iwapo mtu akitandaziwa njia na akapiga chafya juu yake, ile chafya ni ya nani. Huyo alishangiliwa sana. Nakijwa alikaa mbele yao na kibuyu chake cha samli na kikapu cha unga wa ulezi, vitu vya kumlisha mzazi, na kila alipowaza kile kitovu kinavyonyauka kule chini, machozi yalimtoka.

Mwishowe Sangiwa alisimama, akajikung'uta, akasema.

"Wazee wangu, nauliza neno moja tu. Njia yangu imefungwa wapi?"

"Kizingitini pako," wakajibu.

"Na kitu kilichofungwa kwenye nyumba yangu, kinachotoka ndani ya nyumba yangu, kinacholala kitandani ndani ya nyumba yangu, ni nini kama si nyumba yangu? Njia hii ni nyumba yangu, ila imejinyoosha. Anayeikanyaga ameingia nyumbani kwangu, sawasawa na aliyevuka mlango. Sasa, wazee, mtu aingie nyumbani kwa mtu bila kukaribishwa?"

Watu walitazamana. Hawakuwahi kusikia maneno yaliyopangwa vizuri namna ile. Mzee Kajiru alifumba macho, akayafumbua, akagonga fimbo yake mwambani.

"Imekubalika. Kuanzia leo, njia ya Sangiwa ni nyumba ya Sangiwa. Asiyekaribishwa asiingie."

Watu walipiga makofi. Sangiwa aliinama huku na huku, akaanza kupokea pongezi, na kila aliyempongeza alimsimulia tena kesi yote tangu mwanzo. Ndiyo maana hakuona kwamba Nakijwa ameacha kulia. Alikuwa amelisikia lile neno la mwisho, "asiyekaribishwa," naye amekaa nalo kidogo, akalipindua, akalitazama upande wa pili. Akachukua kibuyu na kikapu, akaondoka taratibu kama mtu anayekwenda haja.

Alimkuta Namsemba uani anachambua mboga.

"Mwenzangu, mumeo ameshinda," akamwambia. "Imeamuliwa kwamba njia ni nyumba. Haiingii mtu asiyekaribishwa."

"Nyumba ya nani?" Namsemba akauliza.

"Yenu."

Namsemba aliiweka mboga chini. Aliingia ndani, akaivua njia ile ngozi ya kondoo, akaikumbatia kifuani, akatoka nayo akihema. Akaifunga ncha kizingitini kwa kifundo cha kufungia ng'ombe mkorofi. Halafu akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibu ndani, Mama Namkunda. Tena ukikutana na wenzetu huko, waambie nao wanakaribishwa. Nyumba hii imekosa wageni siku nyingi."

Robota lilipigwa teke moja. Likakata Uwanda likinyooka, likazama msituni, na Nakijwa akalifuata mbio, katikati kabisa ya njia, nyufa za miguu na yote. Alipofika penye ule mkulo, mahali ambapo maisha yake yote alikuwa akigeukia, hakugeuka. Mwenyewe alisema baadaye kwamba hatua ile ya mbele ya mti ilikuwa nzito kuliko siku ya kuolewa kwake.

Chini, Nambike alikuwa amekaa karibu na mtoto, anakipepea kitovu kwa jani la mgomba ili kikauke upesi. Aliposikia hodi, jani lilimdondoka.

"Mkwe mwenzangu! Umefikaje?"

"Kwa miguu."

"Sisi njia yetu bado mbichi, mwenzangu, tungekutandazia..."

"Naiona," alisema Nakijwa, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya mlango, imekunjwa, kavu kama ubao.

Wakasalimiana yote, habari za wazee, za ng'ombe, za migomba, Nambike akilivuta kila neno kama mtu anayehesabu mawe, na macho yake yako kwa kitovu. Lakini kitovu kilishika. Nakijwa akamkumbatia binti yake, akalia kidogo, akafuta machozi, akachota maji mdomoni, akampulizia mtoto utosini.

"Mbonea," akasema.

Mtoto akapiga chafya ndogo, ya upole, kama anayeomba radhi. Watu wote wakasema ameitika. Na kabla jua halijazama, kitovu kikadondoka.

Ingekuwa ni hilo tu, ningesema amina tukalale. Lakini Sangiwa alikuwa amerudi nyumbani na ushindi wake, akakuta kitanda kitupu na njia imetoka mlangoni imekwenda zake. Hakuuliza. Alijifuta nyayo, akaondoka mbio. Mungu anisamehe, hapa huwa nacheka hata kabla sijapafikia, maana hata katika mbio zile hakuthubutu kupita katikati. Alikimbia ukingoni, mguu mmoja mbele ya mwingine, mikono imetanuka kama mbawa, na kila mara alianguka nje, na kila alipoanguka nje alijikuta uani kwake, Namsemba anamtazama. Kwa hiyo alianza safari ile upya mara nyingi. Alifika chini jua la siku ya pili limekwisha kupanda, Nakijwa akiwa jikoni anakoroga uji wa mzazi.

"Mama Namkunda," alisema akihema, "toka tuondoke. Nakunja."

"Baba Kiondo, mwanangu bado hana nguvu. Namlisha kwanza. Nitapanda akipona."

"Nikikunja, hakuna kupanda. Utabaki huku na mbuzi wako kule. Na ukipanda leo, hakuna kushuka tena. Chagua."

Nakijwa alimtazama binti yake kitandani, akamtazama Mbonea. Halafu akainua macho kuelekea njiani, akaona jambo ambalo Sangiwa, kwa sababu ya kutazama miguu yake tu, hakuwa ameliona. Njia ilikuwa imejaa watu. Wale wa Uwandani walikaribishwa na Namsemba, wakashuka kuona kesi yao imefikia wapi. Wale wa chini walipanda kuona nani anashuka. Wengine walikuwa wamekaa kitako msituni wakitazamana kwa mshangao, hawajui waseme nini, kwa maana hakuna aliyewahi kusalimiana na mtu njiani.

"Kunja tu, baba," alisema Nakijwa. Kisha akatoka nje akapaza sauti. "Jamani! Mwenye nyumba huyo anakuja! Msikae kama watu wasio na malezi. Msalimieni!"

Sangiwa alianza kukunja. Kazi ilikuwa nzito, kwa kuwa alikunja akipanda mlima, na njia ilikuwa imelowa ukungu. Alifika penye ndiva akamkuta mzee wa kijiji cha chini, Mrutu, amesimama katikati ya njia na jembe begani.

"Hodi hapa ndani!" akasema Mrutu.

"Nipishe."

"Nikupishe niende wapi, na mimi ni mgeni wako? Hodi, mwenye nyumba."

"Hapa si ndani! Hapa ni..." Sangiwa akameza neno. Juu kidogo, kwenye kivuli, alikuwa ameketi Mzee Kajiru, mkono sikioni.

"Umesemaje, Sangiwa?" akauliza Kajiru. "Si nyumba? Maana kama si nyumba, tunaweza kuirudia ile kesi. Mimi nina nafasi."

Sasa mtu wetu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia baridi. Kupoteza kesi aliyokwisha kuishinda, hapana. Sangiwa aliinamisha kichwa.

"Ni nyumba," akasema. "Karibu, Mzee Mrutu."

Akaliweka robota chini, akatoa mikono yote miwili kama ilivyompasa. Walipofika kwenye habari za ng'ombe, robota likaanza kuteleza. Walipofika kwenye migomba, lilikuwa limekwenda. Sangiwa aliona kwa pembe ya jicho jinsi njia yake inavyofunguka kurudi migombani, na hakuweza kukatiza, kwa maana ilibaki mvua, na mvua ya mwaka ule ilikuwa na habari nyingi.

Alishuka, akaanza upya. Akamkuta mwanamke anayetoka kuteka maji. Hodi. Karibu. Mikono miwili. Robota likashuka. Akaanza upya, akafika msituni, akamkuta yule mgonjwa aliyebebwa, na habari za mgonjwa ndizo ndefu kuliko zote. Kila mara alikunja kwa hasira zaidi, na mtu akikunja kwa hasira hakunji sawa. Upande mmoja wa robota ulikuwa mnene na upande mmoja mwembamba, kama kata ya kubebea mzigo iliyokaliwa na mtu mzito.

Watu nao, walipoona jinsi Sangiwa anavyosalimiwa, wakaona aibu kukaa kimya wao kwa wao. Ikiwa wote wamo katika nyumba moja, basi wote ni wageni wa nyumba moja. Wakaanza. Mtu wa kondoo akamuuliza mtu wa ndizi habari za ndizi. Majirani wawili waliokodoleana macho porini mwaka mzima waligundua kwamba mama zao walikuwa ndugu. Msitu ukavuma kwa "nzuri" na "salama" mpaka ngedere wakahama.

Baada ya taabu kubwa, Sangiwa alifika Uwandani. Watu walikuwa wamebaki nyuma wakisalimiana, hakuna aliyemtazama tena. Robota lilikuwa kubwa kuliko yeye, limelowa, linanuka tope. Alilisukuma kwa bega, akalisukuma kwa mgongo, mpaka akauona mlango wake. Zilibaki hatua chache. Na pale mwanzo wa njia, juu ya kifundo, alikuwa amesimama mkewe.

"Karibu nyumbani, Baba Kiondo," alisema Namsemba. "Habari za safari?"

Sangiwa alisimama. Alikuwa amewasalimu wengi tangu asubuhi, tena kwa mikono miwili. Lakini katika miaka yote ya ndoa yao hakumbuki kama aliwahi kumsalimu huyu mpaka mwisho. Alimpitia kama mtu anavyopitia nguzo ya nyumba. Alilitazama robota, lililokuwa limemwegemea begani likingoja. Akamtazama mkewe, ambaye naye alingoja. Ukungu ukapita kati yao, ukaenda.

Akaondoa bega.

"Nzuri," akasema, akampa mikono yote miwili. "Habari za nyumbani, mama?"

Namsemba akamweleza. Akamweleza za watoto, za wazee, za ng'ombe, za mgongo wake, na hazikuwa habari fupi, kwa maana hakuwahi kuulizwa. Robota likaondoka nyuma yao. Kwa kuwa lilikuwa nene upande mmoja, halikunyooka. Lilitangatanga Uwandani kama mlevi, likachanika vipande vitatu kwenye matope, likajikusanya tena. Msituni liligonga ule mkulo, likageuka, likagonga mwingine, likageuka tena, likipita kwenye nyua za watu waliokaa humo, kati ya jiko na zizi, bila kuomba ruhusa. Lilifika ndivani kwa kasi, likayaogopa maji, likazunguka ukingo wote kwa upole kama mtu anayepima kina, ndipo likashuka migombani, likaishia mlangoni kwa Namkunda.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi watu wote walipita, kila mmoja akienda kumsalimia aliyemsalimu jana, na miguu yao ikaikandamiza njia ardhini. Majani yakaota kandokando yakaishika. Sangiwa alikuja akajaribu kuinua ukingo wake kwa ukucha, haukuinuka. Alikaa nao kidogo, halafu akaondoka akipita katikati. Wengine walipoona njia ikilazwa haifi, wakaleta zao wakaziunganisha na ile, hata Nakijwa akaleta kile kipande chake kilicholiwa na panya, na Nambike akatoa ile ya nyuma ya mlango, akasema imekauka sasa.

Na tangu siku hiyo njia za mlimani hazikunjwi wala hazinyooki. Uwandani zinagawanyika matopeni, mpitaji asijue ashike ipi, na zote zinafika. Msituni zinapinda bila sababu mnayoiona, na penye ndiva zinazunguka maji yote hata kama unapokwenda ni ng'ambo tu. Tangu siku hiyo njia haina mwenyewe, na ikikatiza uani kwako, kati ya jiko na zizi, huweki mwiba, unasema karibu. Na ukikutana na mtu huko juu, hata humjui, unatua mzigo na kumsalimu, kwa maana mmekutana ndani.

Kwa hiyo mgeni akiwauliza kutoka hapa hadi chini ni mwendo wa muda gani, msimtajie saa, mtakuwa mmesema uongo. Mwulizeni kwanza anafahamiana na watu wangapi. Akisema hamjui hata mmoja, mpeni na chakula cha njiani, maana huyo ndiye atakayechelewa kabisa. Kila mtu atataka kujua ni mtoto wa nani.